Ati huna asili? Jibu kwa binti wa Unguja anaeuliza yeye khasa ni nani

Swali lililoniletea kazi wiki hii ni hili, nimelifupisha kidogo kwa idhini ya mwenyewe:

"Shikamoo Mama. Mie binti wa miaka 26, nimezaliwa Unguja, nafanya usafi wa vyumba hotelini Paje. Baba mtu wa Tabora, mama wa hapahapa Mbweni. Huku naitwa wa bara, nikenda kwa baba Tabora naitwa Mzanzibari. Mwaka jana mchumba wangu kavunja uchumba, na ni mkristo mwenzangu tunasali pamoja, wazee wake walisema mie sina asili kwa sababu bibi yake bibi yangu alikua mtoto wa watumwa aliolelewa misheni. Siku hizi nakwenda kanisa la rafiki yangu, tunafundishwa tujitamkie, mie mtoto wa Mfalme, mie kichwa si mkia. Kila asubuhi nasimama mbele ya kioo najisemea, ikifika saa nne nimeinama nasugua choo cha mgeni najiona si lolote si chochote. Imani yangu ndogo? Na mie khasa ni nani?"

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliifungua ndani ya daladala natoka Darajani, nikaifunga, nikaisoma tena usiku nyumbani, na bado nimekaa nayo siku nne kwa sababu maneno kama haya ukiyajibu mbiombio unamzidishia mtu jeraha. Mie nimesomesha skuli miaka 31, na kazi ya kukaa na watu wenye mizigo yao kanisani huu mwaka wa 14, na nikwambie, swali la "mie ni nani" mara nyingi huja kwangu limejifunika shuka nyengine kabisa, mtu anakuja kumlalamikia mume, au kazi, au watoto hawampigii simu, ukichimba chini unalikuta lilelile. Wewe umelileta kichwa wazi, nakushukuru.

Nianze na kioo, mana hapo ndo paliponiudhi.

Imani yako si ndogo. Mtu anaeamka alfajiri akajitia nguvu afu akapanda gari mpaka Paje kwenda kutandika vitanda vya watu, huyo humwambii ana imani ndogo. Ulichopewa ule ndo kidogo. Ile "kichwa si mkia" inatoka Kumbukumbu la Torati sura ya 28, Musa anazungumza na taifa zima la Israeli, tena kwa masharti, na ukiendelea sura hiyohiyo utazikuta na laana zake ndefu ambazo sijamsikia mhubiri hata mmoja akiwaambia watu wajitamkie asubuhi. Na hata ukiichukua ilivo, hesabu yake haikufai, kwani wewe ukiwa kichwa lazima pawe na mkia, sasa mkia nani, yule mwenzio wa jikoni anaeosha masufuria?

Afu kuna jengine. Pale mbele ya kioo anaesema ni wewe, anaesikia ni wewe, na anaetakiwa aamini ni wewe. Shahidi mmoja, na ndie huyohuyo mshitakiwa. Kesi gani itasimama ivo? Ndo mana saa nne imeshaanguka.

Unamkumbuka yule kijana wa Luka 15 aliekula mali ya baba yake mpaka akawa anayatamani maganda wanayokula nguruwe. Njiani naye alikua na maneno yake kayapanga: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Sasa soma pole pole pale anapofika. Anaanza kuyatoa, anafika kwenye "sistahili", na baba hamngoji amalize, kashageuka anaagiza vazi, pete na viatu. Lile la "nifanye mtumishi" halikupata nafasi. Na viatu usivione vidogo, hata huku kwetu zama za utumwa mtumwa alikua mtu wa kwenda peku. Yule kijana alikua na hotuba ya kujishusha, wewe unayo ya kujipandisha, lakini zote mbili katunga mtu aliekua peke yake. Aliekua anajua kijana ni nani ni yule mzee aliemuona angali mbali.

Kwa hiyo nakuomba kioo ukiache kiwe cha kuchania nywele.

Haya, tuje kwenye neno lenyewe, asili. Neno hili huku kwetu lina meno, mtu wa kwengine hatokuelewa ulivoumia. Kisiwa hichi kwa miaka mingi kilikua na waungwana na watumwa, na mtu alijulikana kwa nguo yake tu, mtumwa kavaa kaniki au merikani, kichwa wazi. Tarehe 6 Aprili 1897 ndo ikatoka amri kwamba mahakama hazitautambua tena utumwa, Unguja na Pemba, lakini skiza ilivokua: mtumwa ilibidi yeye mwenyewe aende akaombe uhuru wake, na aonyeshe ana pahala pa kukaa na njia ya kuishi, la sivyo huhesabiwa mzururaji. Yani hata uhuru wenyewe uliuliza, una nini? Watu walivotoka pale, wanawake wakaziacha kaniki wakavaa kanga, tena wakashindana kwazo, na watu waliokua wakiitwa kwa majina ya huko walikotekwa wakaanza kujiita Waswahili, baadae wengi wakajiita Wahadimu au Washirazi, yani wenyeji wa visiwa hivi. Mie siwacheki hata kidogo. Mtu aliefanywa bidhaa akipata nafasi ya kujishonea jina atashona. Ila nnalotaka ulione ni kwamba hizi asili tunazotishiana nazo leo, nyingi zina mshono, na mshono wenyewe haujafika miaka 130. Wale wazee waliokukataa nao wangefukua kwao kidogo tu wangenyamaza.

Na walichofanya ni dhambi. Nakiandika hivo wazi kwa sababu najua utakua umeambiwa "wasamehe tu ndo wazee walivo". Kusamehe kutakuja kwa wakati wake, lakini huwezi kusamehe kitu ambacho kila mtu anakwambia si kosa. Watu wanaopokea mkate mmoja na kunywea kikombe kimoja na wewe, afu wakakupima kwa damu ya bibi yake bibi yako, wamekosea mbele ya ile meza yenyewe. Tena yule kijana, sijui kama alipigania hata siku moja, wewe unajua. Mie ningekua mama yako ningelia kidogo afu ningeshukuru.

Lakini hapa pana mtego na nataka uutazame vizuri. Mtu akishaambiwa hana asili, jambo la mwanzo moyo wake unataka ni kutafuta asili nyengine kubwa zaidi amrushie nayo aliemtukana. Na hii "mtoto wa Mfalme", nnavyoisikia ikisemwa siku hizi, kazi yake ndo hiyo, unaambiwa huna ukoo nawe unajibu ukoo wangu wa kifalme. Umebaki kwenye mchezo uleule, umebadilisha jezi tu.

Angalia Biblia inavolifanya neno hili. Mathayo anaanza injili yake na ukoo wa Yesu, na wayahudi wa zama hizo kwenye orodha za ukoo hawakua na desturi ya kuwataja wanawake, ila yeye katia wanne kabla hajafika kwa Mariamu, na angetaka kupamba angewatia Sara na Rebeka. Katia Tamari, mambo yake mwenyewe uyasome Mwanzo 38 mie naona haya. Katia Rahabu kahaba wa Yeriko. Katia Ruthu Mmoabi, mtu wa kuja. Katia mke wa Uria. Huo ndo ukoo wa Bwana, hajaufua. Alipokua mkubwa Nathanaeli akaambiwa habari zake akauliza laweza neno jema kutoka Nazareti, kwa lugha yetu hilo ni "wa wapi huyo". Na Paulo ambae asili anayo ya kutosha, kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, anaitaja Wafilipi 3 yote moja baada ya moja afu anasema anaihesabu kama mavi. Si mie niloandika hivo, fungua Biblia yako ya Union utalikuta. Kwa Kristo hukupewa asili bora ya kuwashinda wenzio, ile mizani yenyewe ya asili imeondoshwa mezani.

Sasa nikupeleke Mkunazini. Najua umepita pale mara mia, labda umewahi kupeleka wageni. Soko la watumwa lililokua pale lilifungwa mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huohuo siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Steere, mmisheni wa Kianglikana kutoka Uingereza, ndie aliesimamia ujenzi, mwenyewe kafa 1882 na kazikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu, inaelezwa ndo pahala ulipokua mti waliofungwa watu wakachapwa. Mie kila nikipiga magoti pale kupokea miguu inakua mizito. Katika soko lile mnunuzi alikua anamfunua mtu mdomo anamtazama meno, anamwambia atembee huku na huku amuone kama hachechemei, afu inatajwa bei. Jibu la "mie ni nani" kwa mtu yule lilikua ni tarakimu, na tarakimu yenyewe inapanda na kushuka kwa afya, umri na sura.

Mwanangu, kwani sisi tumeliacha lile soko? Kumtazama mtu meno tumeacha. Ila stetasi yako imeonwa na wangapi, mchumba kakuacha kwa hiyo umeshuka, mwenzako kaolewa na mtu wa Oman kapanda, yule kapata risepsheni wewe bado chumbani. Kila siku tunajipeleka wenyewe pale mnadani, hakna hata anaetuburuta.

Na Paulo aliwaandikia watu waliolijua soko la watumwa kwa macho yao. Korintho ulikua mji wa bandari, na ndani ya kanisa lile walikuwemo watumwa. Anawaambia, Wakorintho wa Kwanza 7:23, "Mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu." Neno la Kigiriki alilolitumia ni lile la kununua kitu sokoni hasa, wala hakuona haya kulitumia. Kwenye dunia ileile ya Wagiriki, kule Delphi, yako mawe yenye maandishi zaidi ya elfu moja ya watumwa waliopata uhuru kwa njia ya ajabu kidogo: mtumwa anauzwa kwa mungu wao Apollo, bei inalipwa mbele ya hekalu, na kwa kua sasa anahesabiwa ni wa Apollo hakna binadamu anaeweza kummiliki tena. Utaratibu mzuri ukiusikia. Ila pesa mara nyingi alizitoa mtumwa mwenyewe, kadunduliza miaka na miaka, Apollo hakutoa hata senti. Sasa geuka umtazame Kristo. Hapa mnunuzi ndie aliegharamika, na alieuzwa kwa vipande thelathini vya fedha alikua ni yeye. Ndo mana nakwambia thamani yako huwezi kuipandisha kwa kujitamkia wala haishuki ukisugua choo, kwa sababu haikukadiriwa kwa kukutazama wewe meno. Imeshalipwa. Bei ikishalipwa hakna anaerudi kuuliza kitu hichi kilikua kinastahili shilingi ngapi.

Kidogo nikuhadithie habari za watu wa kwenu, mana nadhani hujapata kuhadithiwa vizuri. Mwaka 1864 Askofu Tozer na huyu Steere walivofika Unguja, Sultani Majid aliwapa watoto watano wa kiume waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Wawili kati yao, John Swedi na George Farajallah, mwaka 1870 wakawekwa kwenye daraja ya awali ya ushemasi. Miaka sita tu. Baadae akaja mwengine, Cecil Majaliwa, Myao, katekwa mtoto akauzwa hapa Unguja, kasomeshwa skuli ya misheni ya Kiungani, akaenda kufanya kazi Chitangali huko kusini kwa Wayao wenziwe, na 1890 akawa padri wa kwanza mwafrika katika misheni ile. Fikiri mwenyewe, mtoto alietoka kule amefungwa, anaregea na Injili mkononi. Na Mbweni kwenu misheni ilinunua shamba 1871 kuwaweka watu waliokombolewa, ikajengwa skuli ya wasichana na Kanisa la Mtakatifu Yohana ambalo lipo mpaka leo, na magofu ya skuli yamo ndani ya uwanja wa hoteli. Mabibi waliosoma pale wengine walikua walimu wakati ambao mwanamke kushika kalamu kisiwani hapa lilikua jambo la nadra.

Siwapambi wamisheni, usinielewe vibaya. Pale pale Mbweni wasichana waligawiwa, wengine vitabu ili wawe walimu na wake wa walimu, wengine wakapelekwa upande wa kufua na kushona na kupika, na majina ya Kizungu walipewa bila kuulizwa. Kumbe hata watu waliokuja kuuvunja ule mnada walikua na kimnada chao kidogo mfukoni. Ndo binadamu tulivo, wazee wa mchumba wako hawakuanza wao.

Utaniuliza, sawa Mama lakini mbona siyahisi haya? Hapa nina aya moja nakupa na nataka uilale nayo, Wakolosai 3:3, Paulo anasema uhai wenu umefichwa pamoja na Kristo katika Mungu. Umefichwa. Hajasema umewekwa kwenye kioo. Mie niliisoma aya hii miaka na miaka bila kuisikia mpaka nilipostaafu. Ntakwambia ilivokua. Miaka 31 mie ni Mwalimu, nikipita sokoni "Mwalimu shikamoo", nikipanda daladala napishwa kiti, simu haitulii. Nikastaafu Juni, kufika Septemba simu yangu ikawa kama ya maiti. Nikawa napita skuli makusudi ati naangalia mnazi uliopandwa na darasa langu, kumbe natafuta mtoto wa kuniamkia. Siku moja mlinzi mpya akaniuliza, wewe bibi unamtaka nani? Nilirudi nyumbani nikajifungia. Watu wote niliokua nikiwashauri juu ya thamani yao kwa Kristo, na mie mwenyewe nilikua naishi kwa kuamkiwa! Iliyonisaidia siku zile ilikua ni ile aya, kwamba kama kitu kimefichwa kwa Mungu basi mlinzi hawezi kukiona, na mie mwenyewe siwezi kukiona vilevile, na kutokuonekana si kutokuwepo. Sikupona siku ile. Ilichukua kama mwaka hivi, na bado nikiamkiwa nafurahi sana, sikufichi.

Kuhusu kazi yako. Usiichukie na wala usiitukuze, ni kazi, ina mshahara mdogo na mgongo unauma. Ila soma barua ya Paulo kwa Filemoni, ukurasa mmoja tu. Pana mtumwa pale anaitwa Onesimo, na jina hilo maana yake mwenye kufaa. Tizama ubinadamu, mtu kapewa jina la matumizi yake, kama ungeitwa Ufagio. Paulo analichezea kidogo jina, anasema zamani hakukufaa sasa akufaa, lakini hakomei kwenye kufaa, anafika aya ya 16 anasema mpokee si tena kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa. Kazini wewe unafaa na bosi wako anakulipa kwa kufaa kwako, hiyo ni haki. Ndugu mpendwa ni jina jengine, halitoki kwenye ufagio na halipotei siku mgongo utapokataa kuinama.

Na hili la wa bara na Mzanzibari, mie nimezaliwa Wete, skuli yetu wakristo tulikua watatu na wawili ni mie na kaka yangu. Najua kuulizwa "wewe kwenu wapi" na mtu mliozaliwa mtaa mmoja. Lakini najua pia futari za jirani zilikua zinavuka ukuta kila Ramadhani na Krismasi pilau letu linavuka kurudi, na mpaka leo "inshallah" hainitoki mdomoni. Nnachokukataza ni kimoja, usiutafute ukristo wako kwa kuwaona wenzio wabaya. Wapo wakristo wa huku ukiwaondoshea waislamu wa kulalamikia hawajui tena wao ni nani. Wewe ni mtu wa Unguja, mamako wa Mbweni babako wa Tabora, ni mkristo, vyote hivo ni kweli kwa pamoja na hakna kinachokiomba chengine ruhusa. Nikodimo aliambiwa azaliwe mara ya pili, hakuambiwa kule kuzaliwa kwake mara ya kwanza kulikua makosa.

Sasa ya kufanya. Asubuhi badala ya kujitamkia soma Zaburi ya 139 kwa sauti, yote, hata zile aya za mwisho mwisho anapokasirika na kutaka watu wauliwe, usiziruke, mana mule unaongea na mtu mwengine, kila sentensi ni "wewe, wewe", umenichunguza, umenijua. Ndo tofauti yake na kioo. Siku mbili tatu utaona haina ladha, endelea. Pili tafuta mtu mmoja, si kumi, mama wa makamo aliewahi kuvunjika, umwambie haya ulioniambia mie na akuombee akikutaja kwa jina. Yesu pale Yordani aliisikia sauti, Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe, na kwenye injili ya Marko hapo hajaponya mtu hata mmoja wala hajahubiri. Hata yeye aliambiwa, hakujiambia. Na sie wengine huambiwa kwa midomo ya watu. Kanisa gani usali sikuchagulii, ila kwenye kanisa lako la zamani usiondoke kwa kukimbizwa, ukiondoka ondoka kwa miguu yako.

Tatu, hili usilipuuze. Umeniandikia mwisho wa meseji, pale nisipopanakili, kwamba hulali vizuri na chakula hakipiti. Ikiwa hali hii imefika wiki mbili na haipungui nenda spitali umuone daktari, na akikupeleka Kidongo Chekundu, spitali yetu ya maradhi ya akili, nenda, wacha watu waseme. Huzuni ikishaingia mwilini ni maradhi kama homa ya matumbo, na hata ukiombewa, dawa usiziwache mezani. Na ukipata fikra za kujidhuru usingoje hata kesho, mwambie mama usiku huohuo.

La mwisho ni kazi nnayokupa. Mama yako ulisema kila ukimuuliza habari za yule bibi anakwambia "ya kale tuyawache". Muulize tena, mchukulie urojo mkae barazani muulize kidogo kidogo, wala usimwambie ni kwa sababu ya mchumba. Bibi yule alikua na jina, alibatizwa, na makanisa ya zamani yana vitabu vya ubatizo, padri akiombwa kwa adabu atavifungua. Akikutajia jina niandikie. Alkhamisi asubuhi mie huwepo Mkunazini, twende tukalitafute.